Toni Moja Chini

Nukta alijua kuna jambo pale alipomwona Madam akigawa majalada ya noti kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa miaka minne hiyo ilikuwa kazi ya Nukta, na hakuna aliyewahi kuigombea. Yeye ndiye aliyeandika noti za bendi nzima kwenye kompyuta, akazichapa, akazitia kwenye majalada meusi na kuyaweka juu ya stendi kabla mpigaji hata mmoja hajaingia ukumbini. Madam, kiongozi wa bendi, alizoea kukuta kila kitu tayari na kunyanyua kijiti tu. Lakini Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, siku moja kabla ya onyesho, alikuwa anapita safu kwa safu, miwani imemshuka puani, jalada hapa, jalada pale. Alipofika kwenye kiti cha mwanawe alikawia kidogo, akalinyoosha jalada lake likae sawa.

"Nikusaidie, Madam?" Nukta aliuliza.

"Kaa, mwanangu. Leo pumzika."

Hilo "mwanangu" ndilo lililomtia Nukta ubaridi. Miezi mitatu nyuma, siku pete ilipoonekana kidoleni mwake, alijaribu kumwita Madam "Mama". Akajibiwa mbele ya watu kwamba huyo mama ana mtoto mmoja tu, naye anapiga tarumbeta.

Akaenda kukaa ukutani, nyuma ya wageni. Walikuwa wameshafika kama arobaini hivi kutazama mazoezi ya mwisho, wake na waume wa wapigaji, ndugu zao, na mwimbaji mgeni ambaye angeimba nao kesho. Dada wa besi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kutikisa viti, alimpungia mkono kutoka nyuma ya dude lake. Yeye ndiye aliyempa jina hilo la Nukta, kwanza kwa ufupi wake, pili kwa kuwa haijapata kutokea nukta moja kwenye karatasi zake ikamponyoka.

Na Solo, huyo mtoto mmoja wa Madam, aliingia wa mwisho, kama kawaida ya wapenda kutazamwa. Shati jeupe, tarumbeta kwapani, jicho likatafuta ukutani mpaka likampata. Akamkonyeza. Jamani, huyo mwanamume alijua kukonyeza. Nukta alitazama chini kuficha tabasamu, moyo ukimwenda mbio kwa mtu aliyeagana naye saa mbili tu zilizopita.

Sasa msomaji ambaye hajawahi kupuliza chochote na avumilie kidogo, maana mapenzi ya hawa wawili yote yalikaa humo. Tarumbeta ina ukaidi wake. Mpigaji akisoma Do na kupuliza, kinachotoka ni noti iliyo toni moja chini ya Do ya kinanda. Saksafoni nayo ina ukaidi wake mwingine. Kwa hiyo huwezi kuwapa wote karatasi moja. Kila chombo kinaandikiwa kwa namna yake ili wakipuliza wakutane. Zamani mtu alifanya hivyo kwa kalamu na kuhesabu vidole. Siku hizi programu ya noti inahesabu yenyewe. Na ukitaka kuuteremsha wimbo mzima, bendi nzima, unachagua mistari yote, unabonyeza, unaiambia: toni moja chini. Kufumba na kufumbua imekwisha. Hakuna anayeshtuka, mradi mmeteremka wote.

Nukta alikuwa amebonyeza hivyo mara saba.

Ilianza miezi minane iliyopita, Solo alipoteleza kwenye ngazi za ukumbi na kupoteza meno mawili ya mbele. Akawekewa mengine. Akarudi na kuwaambia watu kwamba mdomo ni uleule. Lakini chumba cha Nukta kilipakana na chumba cha mazoezi, na ukuta ulikuwa mwembamba. Alimsikia akijaribu noti za juu peke yake, zikipasuka, akijaribu tena, zikipasuka tena, kisha kimya cha mtu anayejizuia asilie. Alasiri ile ile Nukta alifungua faili la wimbo mpya, akaushusha, akachapa. Hakumwambia mtu. Wapiga saksafoni walifurahi kwa kuwa karatasi zao zilikuwa nyepesi kusoma. Dada wa besi akasema nyimbo za siku hizi zina huruma. Na Solo akapata maringo yake ya zamani, akasimama kwenye solo, pale anapopuliza peke yake, kifua mbele, watu wakapiga makofi, na jioni moja akamvisha Nukta pete. Jumapili hii, baada ya onyesho, angekwenda kujitambulisha kwa shangazi wa Nukta.

Hofu ya Nukta ilikuwa moja tu, kwamba siku moja Solo angegundua. Mwanamume wa namna ile, akijua kwamba amekuwa akishushiwa muziki kama mtoto anayeshushiwa kikombe kutoka kabatini, angemsamehe kweli?

Madam alinyanyua kijiti. Solo alifungua jalada.

Nukta aliona shingo yake ikikakamaa. Kutoka pale ukutani hakuweza kusoma karatasi, lakini hakuhitaji. Alichungulia stendi ya klarineti iliyokuwa karibu naye. Mwanzoni mwa mstari, mahali alipoweka yeye alama ya kushusha, palikuwa na alama ya kupandisha. Wimbo ulikuwa umerudishwa juu, vilevile ulivyoandikwa na mtunzi.

Solo aligeuka akamtazama. Halikuwa jicho la kukonyeza.

Bendi ikaanza. Mistari ya kwanza ilikwenda vizuri, kisha wengine wakapunguza sauti na Solo akasimama. Kulikuwa na noti nne za juu kwenye solo ile. Ya kwanza ilitoka nyembamba. Ya pili ikapasuka. Ya tatu na ya nne hazikutoka kabisa, ulitoka upepo. Mtu mmoja kati ya wageni alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Madam akasimamisha bendi. "Mpigaji wa kwanza. Rudia."

Akarudia. Zikapasuka.

"Rudia."

"Mama, nadhani karatasi..."

"Hapa ukumbini hakuna mama. Rudia."

Mara ya tatu hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Solo aliposhusha tarumbeta, mdomo wake ulikuwa na damu kidogo. Aliifuta kwa mkono wa shati jeupe. Nukta alitamani kwenda kumkumbatia mbele ya wote, lakini alibaki pale ukutani.

"Mapumziko," Madam alisema, akikunja miwani bila haraka. "Solo na Nukta, ofisini kwangu."

Kwenye korido Solo alimvutia pembeni, nyuma ya masanduku ya vyombo. Pumzi zilikuwa zinampanda. Nukta alijiandaa kwa swali alilolikimbia kwa miezi minane.

"Leo umefanya nini?" Solo alinong'ona kwa hasira. "Kwa nini hukushusha?"

Nukta alipigwa na butwaa. "Umesemaje?"

"Nakuuliza kwa nini hukushusha. Nyimbo zote unashusha, unakuja kusahau huu, mbele ya watu?"

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi si kiziwi, Nukta. Napuliza tangu nina miaka tisa. Nitakosaje kujua?"

"Tangu lini?"

"Tangu wimbo wa kwanza." Akageuza uso. "Nikasema, kama hasemi, na mimi sisemi. Tatizo liko wapi?"

Na hapa tusimfiche msomaji. Badala ya kukasirika, Nukta alifurahi. Ndiyo, pale pale nyuma ya masanduku, na damu kwenye shati la mchumba wake. Alijua. Alijua na akapokea, siku kwa siku, bila kumwonea haya. Yeye alidhani amebeba siri peke yake, kumbe walikuwa wameibeba wawili, kila mmoja kwa upande wake. Alimshika mkono.

"Sikusahau, mpenzi. Mama yako ndiye aliyechapa upya. Ameingia kwenye kompyuta yangu."

Solo aliutazama mlango wa ofisi, na rangi ikampotea.

"Amejua?"

"Amejua. Lakini hata akijua, atatufanya nini? Tutamwambia tulijua wote. Tuliamua wote. Atapiga kelele, kisha atanyamaza."

"Ngoja kwanza nifikirie."

"Hatuna muda wa kufikiria. Twende."

Ofisi ya Madam ilikuwa na meza, viti viwili na kabati la noti za zamani. Juu ya meza palikuwa na karatasi kumi na nne, zimepangwa mbili mbili. Nukta alizitambua kabla hajakaa. Nyimbo saba, kila mmoja kama ulivyotoka kwa mtunzi, na ubavuni mwake kama ulivyotoka kwa printa yake.

"Jana mwimbaji wetu mgeni alinijia analalamika," Madam alianza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. "Alikuwa amejizoeza kwa kinanda nyumbani. Alipotusikiliza akaniuliza, Madam, mbona mnapiga chini? Nikamwambia haiwezekani, noti zangu zinaandikwa na mtu makini sana. Nikaenda kufungua kompyuta ya huyo mtu makini."

"Madam, naomba nieleze," Nukta alisema.

"Hakuna la kueleza. Umeshusha, nimeona. Umeshusha kwa sababu gani, tumesikia wote leo. Ninachouliza ni kitu kimoja, na sikuulizi wewe." Akamgeukia mwanawe. "Ulijua?"

Kulikuwa na saa ya ukutani mle ndani. Nukta hakuwahi kuiona kabla ya siku ile, lakini sasa aliisikia. Alimtazama Solo, uso aliouzoea, kidevu, ule mdomo uliovimba. Alikuwa tayari kwa lolote. Kufukuzwa kazi, sawa. Kuchekwa na bendi nzima, sawa. Neno moja tu litoke pale, na yaliyobaki angeyabeba.

"Sikujua," Solo alisema.

Nukta alidhani amesikia vibaya. "Solo."

"Sikujua, Mama. Ningejuaje? Mimi nasoma ninachowekewa."

"Solo, hata dakika tano hazijapita, hapo nje, umeniambia..."

"Hapo nje nilikuuliza kwa nini karatasi zimebadilika. Basi." Hakumtazama. Alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa, taratibu, kwa makini yote. "Sijui yeye alikuwa anafikiria nini. Labda aliona mimi sitaweza. Labda ndivyo anavyoniona siku zote."

"Kwa hiyo alikudharau," Madam alisema.

"Ndiyo maana yake."

"Na mtu anayekudharau utamfanya nini?"

Solo alikunja kile kitambaa mara mbili. "Naanzaje kumuoa mtu kama huyo, Mama?"

Alilisema kwa upole. Ukali pengine Nukta angeusamehe kama neno la hasira, lakini ule upole ulionyesha kwamba neno lilikuwa limeshatafutwa na kuandaliwa, pengine pale pale koridoni aliposema ngoja nifikirie. Machozi yalimjaa, akayarudisha kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nenda ukaoshe mdomo," Madam alimwambia mwanawe. "Dakika kumi tunaendelea."

Solo aliondoka upesi kama mtoto aliyeachiwa na mwalimu. Mlango ulipofungwa, Madam alianza kukusanya zile karatasi kumi na nne, akizigonga mezani zilingane.

"Ameongopa," Nukta alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naapa alikuwa anajua, Madam."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimemzaa mimi. Mtoto aliyeanza kupuliza ana miaka tisa asijue ameteremshwa toni nzima? Jibu nilikuwa nalo kabla sijauliza." Akaivaa tena miwani na kumtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nilitaka ulisikie wewe."

"Ungeniambia tu."

"Ungeniamini? Ungesema huyu mama ana wivu. Ungekwenda kwake, angekukonyeza, mngecheka."

Nukta alijua kwamba ndivyo ambavyo ingekuwa.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," Madam aliendelea. "Alipuliza vizuri sana. Mimi ndiye nilikuwa naandika noti zake, kwa mkono, wakati huo hakuna hizo kompyuta zenu. Miaka ishirini na sita. Kila kilichoharibika nilikiharibu mimi."

"Kwa hiyo umenihurumia."

"Usijidanganye. Sikutaki nyumbani kwangu, na sababu zangu ni zile zile. Hupigi hata filimbi. Leo imetokea tu kwamba sababu zangu na faida yako zimekwenda njia moja."

"Na yeye? Umemuaibisha mwanao mbele ya watu arobaini, mdomo unatoka damu."

"Na kesho atasimama mbele ya watu mia nne, apulize zilezile. Zikimshinda, atakaa safu ya pili kama binadamu wengine. Safu ya pili haijaua mtu." Akamwonyesha mlango kwa kidevu. "Kazi yako unayo bado. Noti zako ni safi. Ila usinishushie tena bendi yangu."

Chumba cha Nukta kilitazamana na ofisi ya Madam, korido katikati, hatua sita. Aliingia, akaacha mlango wazi kwa kuwa hakukumbuka kuufunga, akakaa mbele ya kompyuta. Kutoka ukumbini dada wa besi alisikika akijaribu noti zake nzito moja moja. Nukta aliivua pete, akaivaa tena. Namna ya kuivua moja kwa moja alikuwa bado hajaijua.

Solo alikuja akitembea kwa ncha za vidole.

"Nukta. Unanielewa lakini."

"Nakuelewa."

"Pale ilikuwa kumtuliza tu. Unamjua mama. Ningesema najua, angetutoa roho wote wawili. Sasa hivi hasira zake ziko kwako peke yako, zitaisha, na mimi niko safi, nitakutetea."

"Utanitetea lini?"

"Taratibu. Akishatulia." Akachuchumaa kando ya kiti chake, akamshika mkono wenye pete. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Jumapili tusogeze kidogo, nitakuja kwa shangazi yako mwezi ujao. Sawa, mpenzi? Sasa nisikilize. Zile noti nne. Bendi wameshapewa karatasi za juu, hatuwezi kuwagusa. Lakini yangu unaweza kuiandika upya. Zile nne tu, zipeleke chini oktava nzima. Mama atakasirika jukwaani, lakini hawezi kusimamisha onyesho. Watu wataona ni mtindo wangu."

Ajabu ya mapenzi ni kwamba Nukta aliliona hilo kuwa wazo zuri. Kimuziki lingekaa. Mkono wake ulikuwa umeshashika kipanya.

"Ni kazi ya dakika mbili," alisema.

"Nilijua. Nilijua huwezi kuniacha."

"Lakini kwanza gonga mlango ule."

"Mlango gani?"

"Wa mama yako. Mwambie neno moja: nilijua. Sitaki uniombee msamaha, sitaki unisifu. Nilijua, basi. Nikilisikia nikiwa hapa, nachapa."

Solo alisimama. "Sasa hivi? Kesho nina onyesho, mdomo umevimba, unaniletea mambo haya sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Baada ya onyesho nitamwambia kila kitu. Nakuahidi."

"Hatua sita, Solo."

"Unanitesa, unajua? Wewe siyo mtu wa hivi."

"Nilikuwa siyo," Nukta alisema. "Nenda."

Solo alimtazama, na kwa mara ya kwanza Nukta hakutazama chini. Alitaka ashindwe kwa hasira, ampigie kelele, aondoke zake. Alitaka zaidi aende. Mungu anajua alivyotaka aende. Na Solo, pengine kwa sababu aliziona zile noti nne kwenye skrini, aligeuka akavuka korido.

Nukta aliufuata ule mgongo kwa macho, mgongo aliousindikiza mara ngapi jukwaani. Kisha akageukia kompyuta. Alizichagua noti nne za juu, moja baada ya nyingine, na kila moja ikageuka bluu. Ilibaki kubonyeza mara moja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na alikuwa anaomba, yeye ambaye haombi.

Solo alinyanyua ngumi kugonga. Mbao za sakafu zililia chini ya viatu vyake.

"Nani hapo?" Madam aliuliza kutoka ndani.

"Mimi, Mama."

"Unataka nini?"

Ngumi ilibaki hewani.

"Hakuna kitu, Mama," Solo alisema. "Napita tu."

Nukta alibonyeza pembeni, kwenye ukurasa mtupu, na zile noti nne zikarudi kuwa nyeusi, pale pale juu zilipokuwa.